Sauti ya Dada Kwenye Kaseti ya Hesabu

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia shule ya msingi, na kuandika kunanichukua muda.

Wakati wa vita, hapa Rumonge, mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na radio ya kaseti. Vitabu vya shule viliungua, basi akawa anawapitia watu na kurekodi kazi zao ili tujifunzie hesabu. Kwetu alimrekodi dada yangu akisuka mkeka.

Darasani tulimsikia kwanza akicheka. "Mwalimu, mimi mutihani ulinishinda, leo ndiyo nifundishe?" Kisha akahesabu kwa kuimba, kama wasukaji wa kwetu wanavyofanya wasipotee: mbili chini, moja juu, na kila mstari wa tatu ukindu mwekundu.

Mwalimu alisimamisha kaseti. "Mwekundu wa kumi utaingia mstari wa ngapi?"

Sikuwa na kawaida ya kunyoosha kidole. Siku ile nilinyoosha. "Wa thelathini."

"Huyo anaiba," jirani yangu akasema. "Dada ni wake."

Miezi ikapita. Dada alipanda gari kwenda Bujumbura kuuza mikeka, gari likapigwa risasi njiani. Tulimzika. Hatukuwa na picha yake hata moja. Mapigano yakafika kwetu, shule ikafungwa, mwalimu akakimbilia Gitaza.

Aliporudi, mama aliniambia, "Twende kwa mwalimu. Nataka kumsikia mutoto wangu."

Pile za radio, yaani betri zake, zilikuwa zimechoka. Tulizianika juani kando ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, zikapata nguvu kidogo. Mwalimu akabonyeza. Zikatoka sauti za wavuvi wakigawana samaki: fungu la mwenye mtumbwi, mafungu ya wavutaji nyavu.

Mwalimu alishika kichwa. "Mama, nilikuwa na kaseti hii moja tu. Kule Gitaza nimerekodi somo la kugawanya juu yake. Sikujua kama amefariki."

"Acha iendelee," mama alisema. "Labda yeye iko mbele."

Tulisikiliza mpaka mwisho. Mama akaomba igeuzwe upande wa pili. Wavuvi tena.

Njiani aliniambia nimhesabie kama dada. Namba nilizijua zote. Wimbo ulinipotea, na maneno aliyoyaweka katikati yake pia. Mama alitembea mbele yangu bila kugeuka.

Kama ulikaa nasi darasa lile na unakumbuka alivyoimba, niandikie, hata mstari mmoja. Mama bado ananiuliza.