Siku Niliyomuimbia Komisera Kwamba Atalimojewa

Hapa Kalemie watoto wa wajukuu wangu wananiita Mama Limoje, na wageni wanazani ni jina la ukoo. Hapana, ni haya yangu. Mimi njo yule mama aliyesimama mbele ya mukubwa wa Leta, yaani wa serikali, mchana kweupe, akamuimbia kwa furaha kwamba atafukuzwa kazi, tena akamuombea kwa Mungu ifanyike upesi. Afazali nilisimulie mwenyewe kuliko kumuachia Mama Feza mwenzangu wa ndagala, maana yeye anatia chumvi (na siku ile alicheza kuliko mimi, lakini hilo hasemi).

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati minisita tulimuita Komisera wa Leta, wanaume wakubwa walivaa makoti ya abakos bila kravati shingoni, na majina ya ubatizo yalikatazwa, mimi Anastazia nikawa Sitwayen (mwananchi) Kabamba, hata padri akawa ananiita hivyo kwa sauti ya chini kama mutu anayeiba. Kila mukubwa akishuka Kalemie, wamama tulitakiwa tumuchezee animasyo, njo kusema tuimbe sifa zake huku tukikata kiuno, jua liwake au lisiwake.

Sisi wamama wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, tulikuwa na shida moja tu. Ndagala tulianika pale muchangani, na mvua ikishuka hatukuwa na mahali pa kukimbilia, tulivua vikwembe vyetu vya juu, vile vitambaa vya kujifunga, tukafunika samaki, sisi tukabaki na vikwembe vya ndani kama watu waliofumaniwa, na bado samaki walioza. Masika yaliyotangulia, Mama Feza alitupa ziwani ndagala za wiki tatu, zimegeuka uji wenye macho. Tulitaka hangari, nguzo na manjanja juu, basi, manjanja ya kawaida, yale mabati ya kuezeka nyumba.

Siku moja Papa Kalonda, sekretere wa biro ya zone, yaani ofisi ya wilaya, mutu mwembamba mwenye kuogopa hata kivuli cha kofia yake, akatuletea habari: Komisera mupya wa Uvuvi anakuja, Sitwayen Mulongwe, mutu wa upande wa Manono, anajua Kiswahili vizuri. Akanichagua mimi niongoze wimbo, kwa sababu kusoma sijui sana lakini jina likiingia kwangu halitoki tena. Akanisomea karatasi mara mbili: Sitwayen Mulongwe alianza mwalimu, akanomewa Komisera wa Njia (kunomewa ni kupewa kazi ya ukubwa), kisha akanomewa wa Kilimo, sasa wa Uvuvi. Na priorite zake, yaani mambo anayoweka mbele, ni tatu: barafu ya samaki, mashine za bwato za wavuvi, na njia ya kutoa samaki.

«Imba kazi zake, imba priorite zake, mwisho uombe hangari,» akaniambia. «Na usiongeze kitu, Mama Kabamba. Nakuomba kwa jina la watoto wangu.»

Nikasema ndiyo, Papa. Lakini njiani moyo ukaanza kunikwaruza, kwa sababu mimi kila mchana nilikaa kwa Papa Sumaili, fundi wa nguo, kusikiliza redio yake, na jina hili la Mulongwe nilikuwa nalo tangu zamani. Redio ilisema Mulongwe nome ya Njia, sawa, lakini baadaye ilisema Mulongwe limoje. Ikasema nome ya Kilimo, halafu tena limoje. Nome, limoje, nome, limoje, vinafuatana kama mguu wa kulia na wa kushoto. Nikajisemea: maskini, Papa Kalonda amesahau nusu ya vyeo vya mutu!

Nikapita kwa Papa Sumaili nikamuuliza limoje ni nini. Alikuwa anapima suruali, pini zimejaa mdomoni, akanijibu kwa pembe ya midomo:

«Hayo ni ya wakubwa, Mama. Mutu mudogo kama wewe na mimi hawezi kulimojewa.»

Je, wewe ungefahamu nini? Mimi nilifahamu kwamba ni cheo kinachopita kunomewa. Na hapo nikakata shauri langu la kijinga, kutia kafaransa kadogo katika wimbo ili Komisera ajue kwamba Kalemie nako kuna watu. Wamama nikawafundisha kule muchangani, Papa Kalonda asijue, tukamuwekea kama zawadi. Neno liliwapendeza sana. Mama Feza alisema lina utamu, linalambika.

Siku yenyewe tukajipanga bandarini, vikwembe vya rangi moja, ngoma mbili. Komisera akakaa kwenye kiti cha kitambaa, mutu munene, miwani, uso wa mutu asiyelala vizuri. Nikaanza.

«Alinomewa Njia!» Wamama wakaitika, «Nome, nome!»

«Akalimojewa Njia!»

«Limoje, limoje!» na kiuno chini, mara mbili.

Nikaona Papa Kalonda anafungua mdomo. Nikazani wimbo umemugusa. Nikapandisha sauti.

«Alinomewa Kilimo!» «Nome, nome!» «Akalimojewa Kilimo!» «Limoje, limoje!»

Ngoma moja ikanyamaza. Yule mupigaji alikuwa amesoma Kifaransa kwa mafrera wa misioni, mimi nikamukazia macho kama muvivu, nikaendelea peke yangu, na mikono nimenyosha juu:

«Leo yuko Uvuvi! Na huku pia, Mungu akipenda, atalimojewa! Kabla ya mwaka kuisha, atalimojewa!»

«Limoje, limoje, limoje!» wakaitika wamama wote, na Mama Feza akajitupa mbele ya miguu ya Komisera akazungusha kiuno mpaka vumbi likapanda.

Ngoma ya pili ikanyamaza. Wakubwa wote waliangalia viatu vyao. Papa Kalonda alikuwa amegeuka rangi ya majivu, kofia mkononi, na nilisikia meno yake. Komisera akavua miwani, akaifuta polepole.

«Mama, nani alikufundisha wimbo huu?»

Papa Kalonda akafunga macho. Na mimi, kwa sababu sikutaka sifa yangu iende kwa mutu mwingine, nikajibu kwa nguvu:

«Ni mimi mwenyewe, Papa Komisera! Karatasi ya biro ilisahau vyeo vyako, nikavirudisha vyote!»

«Limoje maana yake nini?»

«Ni cheo cha wakubwa, Papa. Sisi wadogo hatuwezi kulimojewa.»

Akaniangalia. Kisha tumbo likaanza kutikisika, halafu mabega, halafu akacheka kicheko kikubwa cha kwao Manono, machozi yakamutoka, akachukua kitambaa cha mfukoni, na wale wakubwa wengine, walipoona ni ruhusa, wakacheka nyuma yake, wamechelewa kidogo.

«Hilo ni kweli tupu, Mama,» akasema. «Kila ninapofika wananiimbia nusu ya maisha yangu. Wewe umeimba yote. Sasa sema, unataka nini?»

«Hangari ya ndagala, Papa. Barafu yako ni nzuri, mashine za bwato nzuri, lakini mvua inatuvua vikwembe.»

Akamugeukia Papa Kalonda. «Andika. Hangari ya wamama, priorite ya kwanza, kabla ya barafu. Andika sasa hivi nitie sahihi, kabla hawajanipandisha kile cheo cha Mama.»

Papa Kalonda aliandika juu ya goti. Gari za wakubwa zilipoondoka tu akanikamata mkono: «Limoje ni kufukuzwa kazi! Kufukuzwa, Mama Kabamba!» Nikakaa chini, na kwa bahati mbaya pale chini palikuwa na beseni la ndagala la Mama Feza, nikarudi nyumbani nanuka mpaka paka wakanisindikiza.

Manjanja yalifika kwa gari-moshi, nguzo zikasimama, paa likapigwa misumari. Yalibaki manjanja manne hivi, mchana mmoja niko kwa Papa Sumaili, redio ikasema jina la Mulongwe, halafu lile neno. Safari hii nililifahamu. Nazani katika Kalemie yote ni mimi peke yangu niliyemulilia Komisera, na nililia kama aliyeua, kwa sababu si niliomba mimi mwenyewe, mikono juu, kabla ya mwaka kuisha?

Masika yakaingia. Mvua ikashuka, sisi tukasimama chini ya paa na vikwembe vyetu mwilini, ndagala zimekauka, na Mama Feza akaanza taratibu, «Nome, nome,» wote wakanigeukia wakicheka, nikawajibu ile nyingine. Ningefanya nini?

Lakini tangu hapo neno la Kifaransa halitoki kinywani mwangu mpaka niulize watu wawili, na wote wawili watoe kwanza pini mdomoni.