Nilivyowasomea Wazee wa Habaswein Ustaarabu

Miaka ile ya tisini, nilipohamishiwa shule ya Habaswein, kwenye nchi ya Wasomali, kutoka Nyeri, nilibeba kitabu kinene cha historia ya ustaarabu wa binadamu, kilichosifiwa na kila msomi. Nilifika ukurasa wa pili, usingizi ukanichukua. Lakini jalada lake la karatasi lilipendeza, basi nikalitumia kuifunika riwaya ya Kiingereza ya daktari na nesi wapendanao, nikawa naisoma ofisini kwa walimu na uso wa mwanafalsafa. Mwenzangu Mwalimu Abdi, mzaliwa wa pale, aliponiomba kitabu, nilimwambia kwa upole kwamba kingemchosha akili.

Siku ya wazazi, mwalimu mkuu aliniomba mimi, msomi wake, niwasomee wazee kidogo. Kisomali sikijui, kwa hiyo Abdi alisimama begani kwangu kutafsiri. Nilifungua riwaya, nikaanza kubuni: moto, kilimo, miji ya kale. Abdi alitafsiri sentensi baada ya sentensi, macho yake yakiwa kwenye ukurasa, jambo nililodhani ni heshima. Wazee waliinamisha vichwa. Mmoja alinong'ona, "Astaghfirullah." Nikaona ustaarabu umewaingia, nikapandisha sauti.

Nilipomaliza, mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye ndevu za hina, alisimama taratibu.

"Mwalimu, sisi nashukuru sana," alisema. "Lakini hiyo daktari, wallahi, alioa hiyo nesi, ama alibusu tu akaenda?"