Kinyama cha Mama Mkwe

Wapo watu walioandika habari za wakimbizi wa mkoa wetu, na wameandika vizuri, wana elimu yao. Mimi nina darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza kwa sababu michikichi ya baba ilizaa sana mwaka ule akanihitaji shambani. Kwa hiyo ya vita na siasa nawaachia wao. Mimi naandika jinsi nilivyomtoa mama mkwe wangu kwenye orodha ya chakula kwa kipande cha uzi wa nyavu.

Siku hizo nilikuwa napika sabuni ya mawese Ujiji. Kazi hiyo hakunifundisha mtu. Nilisimama kwenye ua wa mzee mmoja msimu mzima nikijifanya nasubiri kununua, kumbe naiba kwa macho. Nyumba ya bati ninayokaa imetoka kwenye sabuni hiyo. Tatizo langu lilikuwa mikono. Ilikuwa imejaa chunjua, vile vinyama vigumu vinavyoota juu ya ngozi, haviumi wala haviui, ila vinaudhi. Kina mama sokoni wakawa wanaishika miche yangu ya sabuni kwa kucha.

"Wewe fundi, sabuni yako mwenyewe huogi?" mmoja aliniuliza mbele za watu. "Kama haijakusafisha wewe, sisi itatusafisha nini?"

Nikaanza kutafuta dawa. Nilipaka maziwa ya papai bichi, nikapaka utomvu wa mnyaa wa uani, ngozi ikawaka na chunjua zikabaki zinanitazama. Nilifunga kitunguu saumu kilichopondwa, mke wangu akasema nichague, kitunguu au kitanda. Mvuvi mmoja wa Ilagala akanipa nyongo ya samaki kuhe, mzee wa Simbo akaniambia nisugue kwa kipande cha nyama kisha nikizike, kikioza nazo zitaoza. Nilikizika. Mbwa akakifukua, nadhani chunjua zikamwendea yeye.

Mwisho nikatumia akili yangu. Nilikuwa na kostiki, ile ya kupikia sabuni, inayokula hata sufuria. Nikachovya kijiti cha mwanzi, nikagusa chunjua kubwa ya mkono wa kulia. Ilitoka. Ilitoka na nyama ya jirani yake pia, na hadi leo kidole hiki kina shimo unamoweza kuweka punje ya ulezi. Lakini ilitoka, nami nikaendelea na nyingine. Za mkono wa kushoto, ambazo sikuzigusa kabisa, zilipotea zenyewe mwezi uleule. Hilo sikumwambia mtu.

Basi nikawa mganga. Watu wakaja na vinyama vyao vya shingoni, vya kwapani, vya kwenye kope. Kostiki sikuthubutu kuwawekea, kidole changu kilikuwa kimenifundisha, ila niliwaacha waamini kwamba ninayo dawa kali nimewahurumia tu. Vile vinavyoning'inia kwa kikonyo nilivifunga kwa uzi mwembamba wa nyavu, kama wanavyofanya kina mama wa pwani ya ziwa: unakaza kwenye shina, kila asubuhi unakaza tena, kinakauka, kinaanguka. Nikasema ni utaalamu wangu. Hakuna aliyebisha.

Sasa mama mkwe. Mke wangu na mama yake walivuka kutoka Burundi pamoja, wakapelekwa kambini kule juu. Mimi nilimwoa binti, mama akabaki kambini na kadi yake ya mgao. Wengi waliniuliza kwa nini nisimlete mjini. Wanaouliza hivyo hawazijui mila zetu, Waha na Warundi. Mama mkwe hali kwa mkwewe, halali kwa mkwewe, na mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Mkikutana njiani unaingia kwenye majani na kuinamisha kichwa hadi apite. Kwa yule mama kadi ile haikuwa unga na maharage peke yake. Ilikuwa ndiyo inayomfanya awe mtu mwenye jiko lake, asiyekula kwa aibu.

Mke wangu alipojifungua mtoto wa pili, mama akapewa ruhusa ya siku kumi na nne kuja kumwangalia. Akalala kwa jirani, kama inavyotakiwa. Tangu zamani alikuwa na kinyama shavuni, kikubwa kama punje ya hindi, kinaning'inia. Nilijua kipo kwa kusikia. Yule mtoto mchanga kila akibebwa alikuwa anakinyakua.

"Anadhani ni ziwa," mke wangu aliniambia akicheka. "Mama anasema umtolee."

Ningekataa? Nilikuwa nimetoa vya nusu ya Ujiji, nikatae cha mama mkwe? Ila nitamtoleaje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Tukapanga hivi: mama alikaa ndani kwa jirani, mke wangu akawa mikono yangu, mimi nikasimama nje, mgongo ukutani, natoa maelekezo kupitia dirishani.

"Zungusha mara mbili kwenye shina!"

"Nimezungusha."

"Kaza!"

"Yoo! Mana yanje!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama, akimwita Mungu wake kwa Kirundi.

"Mwambie avumilie," nikasema.

"Mwambie mume wako," mama akajibu kutoka ndani, "aje akazwe yeye tuone."

Siku ya sita kilianguka. Jirani akasema mama amekuwa msichana. Mke wangu akasema hivyo hivyo. Mimi nilitembea Ujiji nzima kifua mbele, mtu aliyeiheshimisha familia ya mkewe bila kuvunja mila hata moja. Mama akarudi kambini kwa lori.

Wiki mbili baadaye mwanamke mmoja wa kambini aliyekuja kuuza vikapu akamtafuta mke wangu sokoni. Mama amefukuzwa kwenye mgao.

Siku zile kadi hazikuwa na picha. Karani wakati wa kuandikisha alitazama mtu, akaandika jina, umri wa kukisia, na alama. Mwingine aliandikiwa kovu, mwingine jino lililokosekana. Mama mkwe wangu aliandikiwa kinyama shavuni. Na watu walikuwa wanaazimana kadi, anayehama anamwachia nduguye, marehemu wanaendelea kula maharage. Kwa hiyo mama alipofika mezani na shavu laini kama la mtoto, karani akamtazama, akaisoma kadi, akamtazama tena. Akamwambia amrudishie mwenyewe kadi yake.

Mke wangu aliposikia hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Umemfuta mama yangu," akaanza kumfunga mtoto mgongoni tukapande lori.

Nilikuta mama amejifungia kwenye kibanda chake. Mke wangu akaingia, mimi nikabaki nje kama kawaida. Nilimsikia binti akimbembeleza turudi naye Ujiji hadi mambo yatengenezwe.

"Oya, hapana," mama akasema. "Nikale kwa mkwe? Nikae kwenye ua wake anahesabu matonge? Afadhali nirudi nilikokimbia, nikafe na jiko langu."

Alikuwa amekula kwenye mabakuli ya majirani kwa siku nane, na majirani wenyewe mgao wao ulikuwa hautoshi.

Tulikwenda kwa karani. Alikuwa kijana mpole, kalamu mbili mfukoni. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Nilimweleza yote, uzi, shina, siku ya sita. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Sawa, bwana. Nahitaji shahidi."

"Mimi hapa," mke wangu akasema. "Ni mama yangu."

"Dada, mtoto hamshuhudii mzazi hapa, ninyi njaa yenu ni moja. Nataka raia." Akanigeukia. "Wewe ni raia?"

"Nimezaliwa Kalinzi," nikasema. "Nina nyumba ya bati Ujiji."

"Vizuri. Wewe ndiye mkwe na ndiye daktari. Kinyama kilikuwa shavu gani?"

Mke wangu akafungua mdomo, karani akamnyamazisha kwa kalamu. Nikabaki mimi na swali langu. Nilikuwa nimekitoa kile kinyama na sikuwahi kukiona. Ningesema kweli, kwamba sijui, ningeonekana mwongo mbele ya foleni nzima. Na mimi si mtu wa kusema sijui. Nikasema kwa sauti ya fundi:

"La kushoto."

Karani akaigeuza kadi nijionee mwenyewe, ingawa siku hizo kusoma kwenyewe kulinipa shida. Mke wangu akanisomea. Kulia.

Foleni ikacheka. Karani hakucheka. Akaiweka kadi kwenye droo, akasema shauri hili sasa ni la mkuu wa kambi, turudi Jumanne.

Siku nne hizo mke wangu hakunisemesha ila kwa mambo ya mtoto. Alikuwa anapika uji, anampa jirani, jirani anampelekea mama akisema ni wake, na mama anakula akijua ni wa nani na akijifanya hajui. Nilijifunza mambo mengi kuhusu ujuzi wangu siku hizo. Nilikuwa nimeweka kwenye mizani kinyama kisichouma na mwanamke mwenye jiko lake, nikatoa kinyama, na jiko likaenda nacho.

Jumanne mkuu wa kambi alitukalisha chini ya turubai la ghala. Alikuwa mtu mzima, si wa mkoa huu. Mama alikaa mbali na binti yake, kanga usoni. Nilimwamkia mkuu, akaitikia, akasoma karatasi ya karani.

"Wewe ndiye uliyesema kushoto?"

"Ndiyo, mzee."

"Una miaka mingapi katika ndoa?"

"Mitano."

"Na humjui mama mkwe wako?"

Hapo nikachoka kuwa fundi. Nikamwambia kweli. "Mzee, nimemwona miaka mitano. Sijamtazama. Kwetu hatutazami. Ukinionyesha nyuso kumi hapa, wake sitauchagua."

"Sasa unamjuaje?"

Sikuwahi kujiuliza. Jibu lilitoka kabla sijalifikiria. "Miguu," nikasema. "Akipita mimi nimeinama. Kinachopita mbele yangu ni miguu yake."

Mkuu akamtazama karani. Karani akatazama kalamu zake. Halafu mkuu akacheka hadi akashika tumbo, lakini alipomaliza kucheka hakulifunga jalada. Aliagiza wateremshe turubai la upande wa mlangoni hadi usawa wa magoti, miguu tu ionekane, akawaita wanawake saba wa rika lile waliokuwa wakipanga foleni, mama akiwa wa nane, wasimame nyuma ya turubai hilo bila viatu. Mimi nikageuzwa nitazame ukuta hadi wakawa tayari.

"Haya, mkwe. Geuka."

Miguu, jozi nane, ilikuwa pale chini. Nyuma ya turubai walikuwa wanasukumana na kucheka, wengine wamejipaka vumbi kusudi wanipoteze. Mmoja alisimama kwa mguu mmoja, wenzake wakamkaripia. Kambi nzima ilikuwa imekuja kutazama, maana kazi hapakuwa na nyingine. Mke wangu alikuwa amefumba macho.

Sikuhitaji hata kuinama. Kisigino cha kulia kina ufa mrefu ubavuni kama mto kwenye ramani, na kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba, kama mtu anayechungulia juu ya bega la mwenzake. Miguu ile ilipita mbele yangu siku ya kupeleka mahari, na siku ya harusi. Siku mtoto wangu wa kwanza alipozikwa ndiyo iliyosimama karibu yangu muda mrefu kuliko yoyote, na sikuwahi kuishukuru.

"Wa tano kutoka huku," nikasema.

"Una hakika?" karani akauliza.

"Kama si yeye, mnifunge mimi."

"Ego! Ndiyo!" sauti ikasema nyuma ya turubai, kabla mkuu hajatamka neno. "Ni mimi! Sasa nipeni unga wangu."

Watu walipiga vigelegele. Mkuu akamwambia karani atoe kadi kwenye droo, afute alama ya zamani, aandike ya vidole vya mguu. Mama akasikia.

"Aandike mguu gani?" akauliza. "Awe mwangalifu. Asije akamuuliza mkwe wangu."

Hata karani alicheka. Aliandika, na tangu siku hiyo kila mgao mama alivua kandambili mezani na kunyanyua mguu juu ya kiti ili karani aukague, na wanawake wa foleni walimpigia makofi. Alilifanya hilo kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha pete.

Siku ile alipewa mgao wa wiki zote alizokosa. Alibeba mfuko kichwani mwenyewe, hakukubali kusaidiwa, nami nikafuata kwa mbali. Mke wangu alibeba kuni. Jioni nikiwa nimekaa kwenye gogo nyuma ya kibanda, akatoka na bakuli la maharage na ugali.

"Mama anasema ule. Anasema nikuambie ni vya jikoni kwake."

Mila inasema nini mkwe akilishwa kwa mgao wa mkimbizi, sijui, na sikumuuliza mtu. Maharage yalikuwa ya zamani, yale magumu ya kambini, hayakuiva hata baada ya kuchemshwa mchana kutwa. Niliyatafuna yote. Ndani nilimsikia mama akimwambia binti yake aniongeze.