Mzee Aliyenigeuzia Mgongo Kwenye Fainali ya Chesi

Nimecheza chesi na watu wa kila aina. Wanaotafuna kalamu, wanaokanyaga mguu wako chini ya meza, wanaoomba kimoyomoyo kabla ya kugusa askari.

Lakini ni mmoja tu aliyeingia fainali, akachukua kiti chake, akakigeuza, akakaa akiutazama ukuta.

Mgongo wake ndio uliokuwa mpinzani wangu.

Hii ilikuwa Agosti 1988, ukumbi wa kanisa, Kitale. Naandika ilivyotokea. Wengi waliokuwepo bado wako hai, na nikiongeza chumvi wanikosoe hapahapa.

Jina langu ni Wacuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuoni na diploma mbichi kabisa, na mdomo uliokuwa umeizidi diploma.

Mashindano yalikuwa ya Kitale na Bungoma. Wachezaji wanane, wanne kila upande. Bingwa anachukua kombe na kwenda kucheza Nairobi.

Mechi ya kwanza nilipangiwa Rotich wa Cheptais. Mvua ikakata barabara, hakufika. Nikapewa ushindi.

Nusu fainali nikapangiwa Kimeli, kijana wa hapahapa Kitale. Yeye alifika. Akaniona, akacheka, akasema hawezi kucheza na msichana halafu aende kunywa chai na wanaume. Akaondoka. Nikapewa ushindi.

Kwa hivyo nilikuwa fainali na sikuwa nimesogeza hata askari mmoja.

Mji ukanibatiza Wokova, kutoka kwa 'walkover' ya Kiingereza, ushindi wa bure mpinzani asipocheza.

"Sasa, Wokova? Leo umemshinda nani ambaye hayupo?"

Hata baba yangu, Nderitu, mkulima wa mahindi ambaye kwake farasi ni mnyama tu, alikuwa ameshachokozwa vya kutosha kwenye kinu cha posho. Akaniita jikoni.

"Wacuka, ni kweli unashinda watu wasiokuja?"

"Baba, si makosa yangu."

"Sijasema ni makosa. Nimesema fainali nitakuja. Nataka kuona umemshinda mtu aliyekaa."

Hicho ndicho nilichokitaka na mimi. Kombe lilikuwa baadaye. Nilitaka mechi moja tu, mtu mbele yangu, saa inatembea, ili hilo jina life.

Sasa kuna jambo ambalo Baba hakulijua.

Kulikuwa na Wabwile. Mwalimu wa shule moja kule Naitiri, mrefu, mpole, ndiye aliyenifundisha chesi tulipokuwa chuoni. Tulikuwa tumekubaliana kuoana. Mwezi wa nne alimwambia baba yake. Mzee akasikiliza, akaendelea kupukuchua mahindi, hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Miezi minne, kimya.

Na huyo mzee ndiye aliyekuwa mpinzani wangu wa fainali. Mzee Wekulo wa Malakisi, karani mstaafu wa ghala la tumbaku. Sikuwa nimewahi kumwona kwa macho.

Wabwile mwenyewe alikuwa anasahihisha mitihani. Alituma ujumbe kwamba atafika alasiri.

Basi. Saa nne asubuhi, ukumbi umejaa. Baba yuko safu ya tatu na gambuti zake, buti za mpira za shambani. Mzee Wekulo anaingia: koti la kijivu, kofia, kalamu mbili mfukoni. Nikasimama, nikanyoosha mkono.

Akasimama mbali nao, kama mtu aliyeona jiko la moto. Macho yakaenda chini. Akageuza kiti.

Ukumbi ukafanya, "Mmmh."

Mwamuzi alikuwa Mwalimu Gachanja, mtu wa hesabu, mtu wa kitabu. Huyo hata chai alikuwa anaikoroga kwa idadi.

"Mzee, wewe ndiye mweupe. Unaanza. Geuka ukae mezani."

"Siwezi, Mwalimu," Mzee akajibu, akiuambia ukuta.

"Kwa nini?"

"Siwezi kukaa uso kwa uso na huyu."

"Nimeuliza kwa nini."

"Hilo siwezi kulisema hapa."

Kimeli, aliyekuwa amekuja kunicheka tu, akapiga makofi. "Si niliwaambia? Hata wazee hawakubali hiyo kitu."

Nilihisi masikio yangu yakiwaka. Kwa hivyo hili ndilo jibu la miezi minne, nikawaza. Hanitaki nyumbani kwake, hanitaki hata mezani.

Gachanja akabonyeza saa. "Sheria ya mashindano: wachezaji wapeane mkono, wakae mezani. Asiyekaa kwa dakika thelathini amepoteza. Saa ya mweupe inatembea."

Tik, tik, tik.

Unajua maana yake? Kwamba ningekuwa bingwa wa Kitale na Bungoma bila kugusa ubao. Hilo jina Wokova wangelichonga kwenye kaburi langu.

Dakika ya kumi ikapita. Mzee yuko na ukuta wake. Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anatazama gambuti zake.

Dakika ya kumi na tano nikasimama.

"Mwalimu, sitaki huo ushindi."

"Kutaka si sehemu ya sheria, Wacuka."

"Kitabu chako kinasema wachezaji waonane?"

Akakifungua. Akalamba kidole, akageuza kurasa moja moja, na saa inatembea.

"Kinasema wakae mezani. Kuonana hakijasema."

"Basi asinione. Acheze hivyohivyo."

Kutoka ukutani, Mzee akakohoa. "Mwalimu, kule pembeni kuna ubao wa kuandikia, ule wa magurudumu. Ukiwekwa katikati, mimi nitageuka na kucheza. Kwa furaha kabisa."

Furaha? Sikuelewa. Mtu anakudharau halafu anakutafutia njia ya kucheza naye?

Ubao mweusi wa Shule ya Jumapili ukasukumwa katikati, bado umeandikwa Amri Kumi kwa chaki. Meza mbili, upande huu na upande ule, kila moja na chesi yake. Mwalimu Jepkemboi, mama wa sauti ya gwaride, akapewa kazi ya kutembea huku na huku akitangaza kila hatua na kuipanga kwenye meza ya pili.

"Na kupeana mkono?" Gachanja hakusahau.

"Nisalimie mimi," Mzee akasema, "halafu umpelekee."

Naapa Gachanja alifanya hivyo. Alimpa Mzee mkono, akazunguka ubao akiwa ameunyoosha vilevile kama mtu aliyebeba yai, akanipa mimi. Baba yangu alicheka mpaka akakohoa.

Tukaanza.

Jamani, mzee alikuwa anajua. Alicheza polepole, kwa usafi wa karani, kila kitu mahali pake. Mimi nilicheza kwa hasira. Nilimtupia farasi wawili mapema, nikamsumbua malkia wake, nikapoteza askari mmoja, nikajilaani, nikarudi.

Saa ya pili, nikaona nafasi. Nikasogeza askofu. Jepkemboi akazunguka, akatangaza.

Upande wa pili, kalamu ikaacha kuandika.

"Mwalimu," sauti ya Mzee ikaja, "hebu wakague ubao wa mwenzangu. Anayecheza vile hawezi kucheza hivi. Kuna kitu kimekaa vibaya kwake."

Wakakagua. Kweli, farasi wa Mzee alikuwa amewekwa kwangu nyumba moja pembeni. Ningeendelea, ningepoteza malkia bila kujua amekufa kwa nini.

"Kosa langu," Jepkemboi akasema.

"Arudishiwe hatua," Mzee akasema. "Na dakika zake pia."

Gachanja akasema kitabu hakina hicho kitu. Mzee akamjibu kwamba kitabu hakijawahi kuona Amri Kumi zikicheza chesi pia. Nikarudishiwa.

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Mtu gani huyu? Hataki kunitazama lakini hataki nionewe.

Nikapumua. Nikacheza sasa kwa akili, si kwa masikio.

Na mwisho ukaja kwa jambo dogo. Mfalme wake alikuwa amejifungia nyuma ya askari wake watatu, nyumba safi isiyo na dirisha. Nikateremsha ngome yangu mpaka mstari wake wa mwisho kabisa. Jepkemboi akazunguka kuitangaza, na nikasikia kicheko kidogo, kile cha mtu aliyeona mwanawe akitembea mara ya kwanza.

"Nimekwisha," Mzee akasema. "Amenifunga ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Ukumbi ukasimama. Baba akarusha kofia yake, ikatua kwa mama mmoja wa Bungoma.

Nikakimbia kuzunguka ubao nimpe mkono. Mzee alisikia viatu vyangu. Akainuka mbio, akazunguka upande wa pili. Nikaenda upande wa pili, naye akarudi wa kwanza. Bingwa na aliyeshindwa wakizunguka Amri Kumi kama kuku na mwewe.

"Wacuka, acha kumfukuza mtu mzima," Baba akasema.

Lakini hapo ndipo Gachanja alipoinua mkono.

"Subirini. Kuna tatizo."

Alikuwa ameshika karatasi mbili, zile ambazo kila mchezaji huandika hatua zake na majina ya wote wawili. Miwani ilikuwa imeshuka mpaka ncha ya pua.

"Karatasi zikitofautiana majina, hakuna matokeo. Kombe linarudi kabatini. Ya Wacuka inasema: mweupe Wekulo, mweusi Wacuka. Hii ya Mzee inasema: mweupe Wekulo, mweusi..."

Akaisoma tena kwa macho.

"Mweusi, Mke wa Wabwile."

Nikanyoosha shingo niisome mwenyewe.

"Huyu hayuko kwenye orodha yangu," Gachanja akaendelea. "Mzee, rekebisha."

"Mwalimu," sauti ikatoka nyuma ya ubao, "nimepima tumbaku ya watu miaka ishirini na sita. Sijawahi kuandika kitu ambacho si kweli, na sijawahi kufuta."

"Basi mechi imefutwa, ama huyo Mke wa Wabwile ajitokeze. Yuko hapa?"

Wilkista, mwalimu aliyeileta timu ya Bungoma, akapiga paja lake. "Haya, ndiyo maana. Kwetu mzee hamtazami mke wa mwanawe. Hampi mkono, hakai naye meza moja. Ni heshima hiyo, wala si dharau. Na sasa kuna mtu hapa ndani ameolewa na hatujala."

Wote wakacheka, isipokuwa watu watatu. Mimi, Baba, na Amri Kumi.

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Miezi minne ya kimya, kumbe alikuwa ameshakubali. Hakuweza kulisema ukumbini kwa sababu hakuwa amefika kwetu, na kumtangaza binti wa mtu kabla ya kumwona babake ingekuwa kunivunjia heshima; ile karatasi hakutarajia isomwe kwa sauti. Alikuwa tayari kupoteza fainali bila kusogeza kitu, ili mradi tu asinitazame. Mgongo ule niliouchukia ndio uliokuwa 'ndiyo' niliyoisubiri.

Lakini 'ndiyo' hiyo sasa ilikuwa kwenye karatasi, na baba yangu yuko safu ya tatu.

Nikinyamaza, napoteza ushindi wa kwanza wa kweli maishani mwangu. Nikisema, nasema mbele ya Baba na kanisa zima.

"Natoa dakika moja," Gachanja akasema, na kweli akabonyeza saa.

Nikamtazama Baba. Nikawaza, Wacuka, ulitaka mtu mbele yako na saa inayotembea. Si ndiyo hii.

"Ni mimi," nikasema. "Mke wa Wabwile ni mimi."

Mnajua watu mia moja wakivuta pumzi pamoja inasikikaje? Dirisha lilitikisika.

Baba akainuka. Akatembea taratibu mpaka mezani, gambuti zikifanya kwap, kwap. Akaitazama karatasi ingawa bila miwani haoni hata bango.

"Gachanja, andika hapo Wacuka wa Nderitu ameshinda. Amemshinda mtu aliyekaa. Nimeona mwenyewe."

"Na huyu Wabwile?"

"Huyo simjui. Hajafika kwangu." Akageukia ubao mweusi, akapandisha sauti kidogo. "Na kwa sababu leo ni siku ya sheria, mwambieni hivi. Asipofika nyumbani kwangu na watu wake kufikia Jumamosi saa nne, amepoteza."

Kutoka nyuma ya Amri Kumi, sauti ikajibu kwa upole:

"Tutafika saa tatu."

Ukumbi ukalipuka. Gachanja akaandika majina yote mawili, moja juu ya lingine, akapiga mhuri. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Wabwile alifika saa kumi, baiskeli na suruali ni tope tupu, akatukuta nje tukinywa chai. Kimeli alikuwa ananimiminia.

"Nimechelewa? Nimekosa nini?"

"Karibu ukose mke," nikamwambia. "Nimekuchezea na mechi yako pia."

Walifika Jumamosi saa mbili na nusu.

Nairobi nilitolewa raundi ya pili, na mtu aliyekaa. Nilirudi nikiimba.

Mzee Wekulo tulicheza naye miaka tisa zaidi, yeye sebuleni, mimi jikoni, ukuta katikati, mama mkwe akitangaza hatua na kutuibia askari alipochoka. Alinishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda. Hakuna siku alisema amenipenda. Alikuwa anageuza kiti tu.

Na somo nililobaki nalo ni hili, nyinyi mnaopenda kukasirika haraka kama mimi. Mtu akikugeuzia mgongo, kabla hujahesabu umeonewa, tafuta kwanza kujua kwao mgongo unasema nini. Halafu kaa mezani, ucheze.