Uzi Mwekundu wa Kitambaa cha Cucu

Maji ya mchele yakichemka hadi yawe mazito, yale ya kutilia nguo wanga, mimi hukosa raha. Harufu yake ni nzuri, ya chakula na ya usafi kwa pamoja, na wengi niliolelewa nao Nyeri huwakumbusha gauni za Jumapili. Mimi hunikumbusha uongo wangu, ambao nimeishi nao, ndugu msomaji, muda mrefu kuliko nilioishi na mume.

Nilikuwa na miaka tisa, nikikaa kwa nyanya mzaa baba, tuliyemwita Cucu, katika shamba la kahawa nje kidogo ya mji. Nilipewa jina lake, Wairimu, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa sababu hiyo binti yake wa mwisho, shangazi yangu Muthoni, niliyemwita Tata, aliniita "maitu", yaani mama yangu. Kuitwa mama na mtu mzima ilhali una kamasi puani ni jambo la kujivunia, nami nilijivunia kupita kiasi.

Muthoni alikuwa ameposwa na kijana wa Naro Moru, na wazee wa kijana walikuwa waje mwezi wa saba kuzungumza mahari. Cucu alikuwa akimdarizia kitambaa cheupe cha meza kwa siku hiyo. Hakunakili maua kutoka kwenye karatasi kama majirani. Alichuma jani lenyewe, akalilaza juu ya kitambaa, akalizungushia penseli, kisha sindano ikafuata mstari. Kila mwanamke wa nyumba yetu alikuwa na mmea wake pale. Mama yake Cucu alikuwa mwele wa nafaka, Cucu mwenyewe kahawa, Muthoni nduma ya mtoni yenye majani mapana. Juu yao wote ulisimama mlima, umeshonwa kwa uzi mweupe, ukawa hauonekani vizuri mpaka uinamishe kichwa.

Uzi mwekundu wa kushonea kahawa mbivu ukaisha. Nikatumwa mjini kwa Mama Jaya, ajuza wa Kihindi aliyeuza nyuzi na vifungo katika duka la familia yake, nikiwa na kipande cha uzi wa zamani cha kumwonyesha. Akanitolea uliofanana nacho, mwekundu uliopoa kama tofali. Lakini kando yake palikuwa na mwingine unaong'aa. Nikaushika na sikuuachia.

"Hiyo ni ya kupamba kadi, mtoto," alisema. "Ukiosha, rangi yote inatoka. Chukua ile ingine."

"Nataka hii," nikasema, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuushika nikienda nyumbani, nikaongeza kwamba ndivyo nilivyoagizwa.

Cucu aliusogeza uzi dirishani. Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. "Iko sawa? Ni ile ya siku zote?"

"Eee, Cucu. Ni ile."

Tangu hapo sikuwa na amani. Kila siku nikirudi kutoka shule nilikuta kahawa mpya imeiva kwenye kitambaa. Nilijaribu kumzuia bila kujifichua. "Cucu, si zingine ziwe za kijani?" nikamuuliza. Akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Nani alipeleka kahawa mbichi kiwandani akaacha kurudishwa nayo?" Alipenda kutuambia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliiona ndefu, na mwisho wake nilikuwa naujua: beseni la maji.

Maana kwetu bibi harusi mtarajiwa ndiye hukiosha kitambaa hicho kwa mikono yake na kukitia wanga, kabla wageni hawajala juu yake. Nilificha sabuni kwenye gunia la maharagwe. Ikapatikana, na nikatumwa mimi niipeleke.

Ilikuwa Alhamisi ya ukungu, baridi ya kuuma meno. Muthoni alimimina birika la maji moto kwenye beseni, akakitumbukiza kitambaa huku akiimba. Kisha akaacha kuimba. Wekundu ulitoka kwenye kahawa, ukapita kwenye nduma, ukapanda mlimani. Alikamua, akasuuza, akakamua tena, na kila mara kitambaa kilizidi kuwa cha waridi.

Cucu akatoka jikoni. "Muthoni, uliweka maji moto?"

"Kidogo tu, mami. Baridi imezidi."

"Ai, Muthoni."

Shangazi yangu alikaa chini kwenye majani yenye umande, akalia kwa sauti, akisema ameharibu kazi ya mama yake. Mimi nilisimama hapo na sabuni mkononi. Neno lilikuwa mdomoni, nakuapia, nikalimeza. Niliogopa fimbo, na zaidi ya fimbo niliogopa kwamba hataniita tena maitu.

Jumamosi kitambaa kilitandikwa hivyo hivyo. Mzee mmoja wa Naro Moru aliinamisha kichwa, akasema hajaona mtu akishona mlima wakati jua linachomoza. Watu wakapiga makofi, na mimi nikahesabu kwamba mambo yamekwisha. Cucu alifariki akiamini ni maji.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, nilimpeleka binti yangu kwa shangazi huko Naro Moru, ambako maji ya bomba hushuka moja kwa moja kutoka mlimani. Tulimkuta akifua nje. Mikono yake ilikuwa imevimba, imepasuka kwenye viungo.

"Cucu Muthoni, kwani huna maji moto?" binti yangu akauliza.

"Ninayo. Lakini mimi na maji moto tulikosana zamani. Niliharibu kitambaa ya mama yangu, ile ya siku ya wageni wangu. Tangu hiyo siku sijafua na moto."

Utotoni niliona kosa langu kuwa doa, na doa hupauka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimempa mtu mwingine alibebe, naye alikuwa amelibeba kila wiki, asubuhi za barafu, tangu nikiwa darasa la tatu.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, duka, uzi, sabuni, mbele ya mtoto wangu.

Aliiacha nguo ndani ya beseni. "Ati ilikuwa uzi?"

"Ilikuwa uzi, Tata. Ilikuwa mimi."

Akamgeukia binti yangu. "Niletee birika hapo jikoni."

Akamimina maji yote kwenye beseni, mvuke ukapanda. Akaingiza mikono yote miwili na kufumba macho. Mimi sikuthubutu kuomba msamaha mpaka maji yalipopoa.