Gurudumu la Nyuma Kushoto

Usingizi ulinikataa kwa sababu ya gurudumu moja. Gari la kituo chetu cha afya hapa Kibiti lilikuwa liende deltani asubuhi kuchukua wajawazito, na tairi lake la nyuma kushoto lilikuwa likipoteza upepo kidogo kidogo bila pancha yoyote kuonekana. Je, nilikuwa naiona hatari, au ni woga wangu wa kila kitu? Harufu ya tope la mikoko na mpira uliopata moto ikanirudia puani, harufu ya masika yale nilipokuwa darasa la tatu.

Baba alikuwa na Landrova chakavu ya kubeba watu kutoka vijiji vya deltani. Penye tope zito alipunguza upepo, kama madereva wote wa kule, ili tairi litanuke lisizame. Akifika barabara nzuri anajaza tena. Masika yale tairi la nyuma likawa linaamka limelegea. Fundi pancha alilifungua gurudumu, akalizamisha kwenye karai la maji, nasi watoto tukainama kutafuta mapovu. Hakuna. Akabadilisha valvu. Kulipokucha, limelegea tena.

"Limezeeka, linapumua tu," Baba akacheka.

Mama hakucheka. "Baba Salma, siku litakapokata pumzi utakuwa umempakia nani?"

Alikuwa amempakia Shangazi Mwajuma, mwenye uchungu wa kujifungua, watu wamejazana nyuma, mimi nimebanwa miguuni pake. Tulipokaribia kijiji cha Mtawanya, kwenye kona, tairi likachomoka kwenye rimu kwa kishindo. Shangazi alijifungulia kwenye mkeka wa watu tusiowajua, mvua ikipiga bati. Mtoto aliishi. Lakini Baba hakubeba tena mgonjwa, na mpaka leo gari likipunguza mwendo nje, huinuka kwenda kuchungulia matairi yake. Tairi lilipovuliwa tuliliona tope laini kama unga, limekauka pale tairi linapokalia rimu. Lilikuwa likipenya kila upepo ulipopunguzwa. Ndani ya karai, bila mzigo, gurudumu lilijibana. Likibeba watu, liliachia upepo.

Leo tuna lami, simu na pampu ya umeme, lakini dereva wetu Hamisi naye alikuwa amelipima gurudumu kwenye karai, halina mzigo.

"Dada Salma, wewe unawaza mpaka upepo!" alisema asubuhi ile, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Nilikaribia kucheka nao. Badala yake nikachomoa ufunguo wa gari, nikautia mfukoni, nikawaomba wote wapande. Wakapanda wakisukumana.

"Konda, nauli shilingi ngapi?" mmoja akapiga kelele.

Nikachuchumaa na kopo la maji ya sabuni, nikapaka povu kuzunguka ukingo wa rimu. Juu yangu utani uliendelea, kisha ukapungua, kisha ukaisha, kwa sababu povu lilikuwa linachemka.

"Hatuondoki na hili," nikasema. "Jeki iko wapi?"

Hamisi alikuwa ameshaishika.