Paka Ndani ya Kochi la Mwalimu

Fundi Sponji alianza kuzungumza na makochi mwaka wa pili baada ya mkewe kufariki. Si kwa wazimu, la. Karakana iko mbele, chumba cha kulala nyuma, watoto wameshaoa na kuolewa huko mbali, na mtu hawezi kushinda na nyundo kutwa nzima bila kusema neno na yeyote. Siku moja shemeji yake, mdogo wa marehemu, anayekaa nyumba ya pili, akamkuta analigombeza kochi la watu: "Wewe nawe, mgongo huo umeupinda kwa makusudi." Shemeji akashika kiuno.

"Shemeji, hapa ama tukutafutie mke, ama tukutafutie paka."

"Paka," Fundi akajibu haraka, kabla mwenziwe hajaanza kumtajia wajane wa mtaa mzima.

Ndipo wakaenda kwa Nesi. Huyu Nesi alikuwa amestaafu hospitali, lakini ukali aliondoka nao, na yeye na wenzake wachache walikuwa na kikundi chao cha kuokota paka waliotupwa, kuwatibu na kuwatafutia watu wa kuwalea. Usidhani unakwenda tu kuchukua paka kama unavyochukua nyanya sokoni. Fundi alihojiwa kuliko siku alipokwenda kuposa. Unalala saa ngapi? Una hasira? Mlango wa karakana unafungika? Akajibu yote huku jasho linamtoka.

Paka mwenyewe alikuwa jike wa kijivu, wa miezi saba hivi, amejibanza nyuma ya ndoo na kuwapa watu mgongo. Aliokotwa mtaroni, na mpaka siku hiyo hakuna aliyemshika bila glavu. Walikuwapo wengine sita, wachangamfu, wanajisugua miguuni mwa wageni bila haya. Fundi akamnyooshea kidole yule wa nyuma ya ndoo. Ukimuuliza kwa nini, hata leo atakwambia hajui.

"Wiki mbili za majaribio," Nesi akamwambia. "Asipopatana nawe, au ukimfanyia uzembe wowote, nakuja kumchukua. Na mimi sibembelezeki."

Fundi akampa jina la Bibie, kwa yale maringo yake. Siku tisa Bibie alikaa chini ya rafu ya vitambaa. Alikula samaki wake pale tu Fundi alipotoka. Akirudi anakuta kisahani kimelambwa mpaka kinang'aa, mlaji haonekani. Basi Fundi akahamishia mazungumzo yake kwenye rafu. Akampa Bibie habari zote za mtaa, za wateja wabishi, hata za marehemu, mambo ambayo hakuwahi kumwambia binadamu. Mara mojamoja macho mawili yaliwaka kule kizani, na Fundi akafurahi siku nzima, mtu mzima yule. Alishampenda, basi. Kila asubuhi alihesabu siku zilizobaki.

Siku ya kumi alikuwa anamalizia kochi la mwalimu mkuu, la watu watatu. Fundi ana utaratibu wake: tumbo la kochi huliacha wazi mpaka mwisho, harufu ya gundi itoke, kisha asubuhi akishakunywa chai hulipindua miguu juu, akalifunika kwa kitambaa cheusi na kulipiga misumari kotekote. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na wala haangalii ndani. Mikono inakwenda yenyewe, mdomo unapiga mluzi. Kochi likapakiwa garini, likaenda zake.

Saa saba mchana akarudi kutoka dukani na kukuta kisahani bado kina samaki. Akachungulia chini ya rafu. Hamna kitu. Akainua vitambaa kimoja kimoja, akatazama dirisha, limefungwa. Hapo ndipo akakumbuka kwamba alipokuwa akigonga msumari wa mwisho, kochi lilitoa mlio mwembamba, naye akaliambia, "Nyamaza, tunakaribia kumaliza." Akanyakua nyundo.

Kwa mwalimu alifika mbio, aproni shingoni, nyundo mkononi. Sebuleni, juu ya kochi jipya, wameketi wakwe wa mwalimu: baba mkwe, mama mkwe na shangazi mmoja mnene, wamekuja kutembea.

"Samahanini wazee wangu, naomba msimame. Kochi lina kasoro."

"Kasoro gani, Fundi?" mwalimu akauliza. "Mbona wamekaa raha mustarehe?"

"Lina paka."

Wakwe walisimama kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea kwa umri wao. Fundi akalipindua kochi, akaichana kazi yake mwenyewe, akaingiza mkono mpaka begani. Kule pembeni kabisa, ndani ya egemeo la mkono, akagusa manyoya. Yana joto, yanatetemeka. Akaketi papo hapo sakafuni na kumshukuru Mungu kwa sauti mbele ya wakwe za watu.

Bibie alirudi nyumbani ndani ya kikapu, akaingia chini ya rafu yake. Hakuwa na hata mkwaruzo, tofauti na Fundi. Shemeji alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akawa makini.

"Kaa kimya tu. Zimebaki siku nne. Nesi atajulia wapi?"

Na Fundi alitaka sana kukaa kimya. Aliishika simu, akaiweka, akaishika tena. Lakini kila akifumba macho anamwona yule shangazi anavyojitupa kwenye kochi. Kama siwezi kumlinda, akajiambia, sina haki ya kumng'ang'ania. Roho ikamuuma kwelikweli. Akapiga simu akasema yote, hakubakiza.

Nesi alifika kabla ya jioni, kizimba mkononi. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Fundi.

"Yuko wapi?"

Fundi akaonyesha rafu kwa kidevu. Nesi akavaa glavu, akapiga magoti, akanyoosha mkono.

Bibie akachomoka. Akalipita kabati, akayapita makochi mawili yaliyokuwa matumbo wazi, mahali pa kujificha tele, akaja moja kwa moja kwa Fundi. Akaparamia suruali yake kwa kucha zote, akapenya chini ya aproni, akakizika kichwa kwapani.

Fundi akasimama vilevile, mikono hewani, hajui aiweke wapi. Kucha zilikuwa zimemwingia barabara. Machozi yakamtoka, wala hakujaribu kuyaficha.

Nesi akabaki amepiga magoti, anamtazama. Kisha akavua glavu moja, akavua na ya pili.

"Kuanzia leo hapa hakuna kochi linalofungwa kabla hujaingiza mkono ndani. Umesikia?"

"Nimesikia, Nesi."

"Kalamu iko wapi, nisaini karatasi zake?"

"Droo ya juu. Chukua mwenyewe, tafadhali. Mimi kusogea siwezi."